Magunia Manne ya Avelina

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya mamlaka ambazo hazikuulizwa, wakazi wote wa Majengo hapa Sumbawanga, wapangaji kwa wenye nyumba, pamoja na kuku wanaozurura bila kibali, wanatangaziwa kwamba Kanuni ya Kuyeyuka kwa Vitu Vigumu katika Vimiminika, ile ambayo wasomi wameilia posho kwenye mahoteli ya miji mikubwa, imekuwa ikiuzwa rejareja katika soko letu kwa miaka ishirini na saba. Muuzaji ni Bibi Avelina, maarufu kama Mama Dominika, mwenye elimu ya darasa la saba, kinu kimoja, mchi mmoja, na bega la kulia linalouma. Mhusika mwenyewe hajapewa taarifa ya heshima hii. Alikuwa anachekecha chumvi.

Na tuseme mapema, kwa faida ya ndugu zetu wa Dar es Salaam: ungo wa Avelina ni wa kazi ya sokoni tu. Hausafiri. Angekuwa na ungo wa kusafiria asingepanda lori la mahindi kwenda mazishini kijijini Mwimbi, na kama asingepanda lori, haya yote yasingetokea.

Biashara yake ni hii. Chumvi ya mawe hupanda na lori kutoka bondeni, mapande makubwa kama vichwa vya mbuzi, naye huivunja. Mezani kwake kuna marundo matatu. La kwanza ni mawe yenyewe, hayo ni ya wafugaji. Mfugaji anataka jiwe la kuweka zizini, ng'ombe walirambe tangu mvua za kwanza mpaka ulezi uchanue, linyeshewe na bado lipo. Kulikuwa na kijana mmoja mjanja aliyeona unga ni chumvi ile ile, tena laini, ng'ombe hawataumia ulimi. Akamwaga unga kwenye kihori. Usiku ikanyesha. Asubuhi ng'ombe walikuta maji matupu, wakamwangalia.

Rundo la pili ni chenga, ukubwa wa punje ya mahindi iliyovunjwa. Hizo ni za watu wa samaki wa Kipili, kule ziwani. Chenga inayeyuka taratibu juu ya mgebuka, inaingia kidogo kidogo mpaka kwenye mfupa. Unga humvamia samaki kwa papara, unamkausha ngozi ikawa gamba, ndani anabaki mbichi, na siku ya tatu anajitangaza mwenyewe kwa harufu. Rundo la tatu ndilo unga, la akina mama ambao mboga iko motoni na mume yuko mlangoni.

Kwa hiyo mteja mgeni akifika, Avelina haulizi kwanza anataka kiasi gani. Anauliza, "Unataka iishe lini?" Akishajibiwa, mkono unakwenda wenyewe kwenye rundo.

Swali hilo ndilo alilomuuliza Mwalimu Asajile siku ya kwanza, miaka tisa iliyopita. Mwalimu alikuwa mtu wa Tukuyu, Mmoraviani, mrefu, mwenye koti la kahawia ambalo hata jua la Oktoba halikulivua. Alifundisha kemia sekondari. Alikuja kutafuta chumvi ya kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha kwanza, akataka ya ukubwa wa aina tatu, kisha akamweleza muuzaji, kwa kirefu na kwa vidole, kwamba kitu kikivunjwa vipande vidogo, sehemu inayogusana na maji inaongezeka, na ndiyo maana kinayeyuka upesi. Avelina alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ndiyo maana nina kinu."

Mwalimu alicheka peke yake mpaka anafika nyumbani. Miaka miwili baadaye mkewe alifariki, akajifungia ndani msimu mzima, na siku aliyotoka ndani alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya chumvi.

"Nipe robo kilo ya unga."

"Unataka iishe lini?"

Alifikiri. "Jumamosi ijayo."

Avelina akachota kwenye rundo. Mwalimu akainua mkono. "Hiyo naona imeshika unyevu. Nisagie mpya."

Chumvi ile ilikuwa kavu kama chaki. Avelina aliiangalia, akamwangalia yeye, akaona macho ya mtu ambaye hana haraka ya kurudi kwenye chumba chake. Akamsogezea ndoo aikalie. Akaweka jiwe kwenye kinu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi kwa miaka saba. Watu wengine walisagiwa nusu gunia kwa muda ambao robo ya Mwalimu ilichukua. Mchi ulipanda kama unaomba ruhusa, ukashuka kama umesahau ulikokuwa unakwenda. Waliongea habari za mvua, za Dominika aliyeolewa Mpanda, za mbolea, za watoto wa siku hizi wasioweza kukariri chochote kisicho na wimbo. Chumvi ikiisha kusagika, Avelina aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaupiga fundo lake la kuzungusha mara mbili ambalo hakuna mtu mwingine sokoni analipiga, na Mwalimu akaondoka.

Modesta, muuza dagaa wa meza ya jirani, aliyekuja mjini na mdomo wake na hajaupumzisha tangu hapo, alilifuatilia jambo hili kama vile anafuatilia kesi.

"Dada, mtu mmoja, robo kilo kwa wiki. Huyo mwalimu anajikausha?"

"Labda anapenda chumvi."

"Mtu anayependa chumvi hivyo angekuwa ameshakufa kwa presha. Huyo anapenda kinu."

"Fukuza nzi kwenye dagaa zako."

Lakini mwaka huu ulikuwa na mwisho. Mwalimu Asajile alitimiza miaka sitini, barua ya kustaafu ikaja, na shule ikatangaza kumuaga Ijumaa ya pili ya Desemba. Basi la alfajiri la Jumamosi lingempeleka Mbeya, kisha Tukuyu, kwenye nyumba ya kaka yake na migomba. Tiketi alikuwa ameshakata. Alimwonyesha Avelina. Alimwonyesha vile mtu anavyoonyesha karatasi ya daktari, akingoja mwenziwe aseme kitu.

Avelina aliisoma tiketi, akamrudishia. "Kiti cha dirishani. Vizuri."

Naye alikuwa anangoja Mwalimu aseme. Miaka kumi na mitatu ya ujane ilimfundisha kufanya kila kitu mwenyewe, kubeba gunia, kuezeka bati, kufukuza mgambo. Lakini jambo hili moja hakutaka kulibeba kwa niaba ya mtu. Mwanaume aliyesimama miaka thelathini mbele ya darasa akieleza vitu ambavyo havionekani kwa macho, basi aeleze na hiki. Akisema, atajibu. Asiposema, basi. Na bega likamuuma siku hiyo hata akahamisha mchi mkono wa kushoto, na Mwalimu akaona.

Kuona huko ndiko kulikoleta maafa.

Jumatatu ya wiki hiyo ya kuagana Avelina alipanda lori kwenda Mwimbi kumzika shangazi, funguo za stoo akamwachia Modesta. Jumatano jioni akarudi, vumbi mpaka kwenye kope, akamkuta Mwalimu amesimama mlangoni pa stoo, mweupe kichwani, mweupe mabegani, koti la kahawia limekuwa kama la mwokaji mikate. Uso ulikuwa unang'aa.

"Mama Dominika. Pole na msiba. Nimekuokolea bega."

Avelina alichungulia ndani. Magunia yake manne ya mawe, yaliyoshushwa wiki iliyopita, yalikuwa yamekaa kwa adabu ukutani, yamejaa, laini, mviringo. Alitumbukiza mkono kwenye la kwanza. Unga. La pili. Unga, tena wa kupendeza, kama sembe ya daraja la kwanza.

"Yote?"

"Yote manne. Nilikodi guta, nikapeleka kwenye mashine ya Elisha. Nilimfundisha kidato cha tatu. Saa moja tu, kazi ya miezi miwili." Akashusha sauti. "Sikutaka niondoke huku nikijua bado unatwanga."

Modesta, nyuma yake, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Alikuwa ametoa funguo kwa moyo mweupe. Aliambiwa ni mambo ya kitaalamu.

Avelina aliendelea kuushika ule unga. Kesho yake, Alhamisi, Christopha wa Kipili angekuja kuchukua magunia mawili ya chenga. Samaki walikuwa wameshavuliwa, wanamngoja ufukweni. Jumatatu wangekuja wafugaji. Na juu ya bati, wakati huohuo, mvua ya Desemba ilianza kupiga kidogo kidogo, nayo chumvi laini ikisikia mvua hata kwa mbali hulowa.

"Asante, Mwalimu," alisema.

Aliisema kwa upole kabisa. Modesta, aliyemjua, alirudi nyuma hatua mbili.

Kabla Mwalimu hajauliza kuna nini, Elisha mwenyewe aliingia, mwenye mashine, kijana mnene, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba," walijibu pamoja.

"Mwalimu, nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenipa ile D. Lakini nimepitisha debe tatu za pumba kwenye mashine, bado inatoa chumvi. Tangu asubuhi nusu ya Majengo inakula ugali wa chumvi. Wanakuja kunidai mmoja mmoja."

"Wote wanalalamika?" aliuliza Modesta.

"Kuna mzee mmoja amekuja kushukuru. Anasema ndiyo mara ya kwanza amesikia ladha kwenye ugali wa mkewe. Sasa mkewe ndiye ananitafuta."

Avelina alicheka, ikamtoka tu, na Mwalimu akacheka naye kwa kuwa alidhani mambo ni mazuri. Alilala usiku ule akiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Sumbawanga, na pengine mkoa mzima.

Alhamisi saa nne Christopha alifika na pikapu. Mtu mweusi wa jua la ziwa, mcheshi, hajawahi kununua kitu bila kukisema vibaya kwanza. Mwalimu alikuwepo, siku hizi hakuwa na pa kwenda. Christopha alifungua gunia, akachota, akaacha unga umwagike kati ya vidole.

"Shikamoo mama. Hii ni nini?"

"Marahaba. Chumvi."

"Naona ni chumvi. Mimi nina migebuka, sina chai. Nikiwapaka hii, ngozi inaungua, ndani wanabaki wabichi. Nitawauzia watu samaki au msiba?"

"Lakini inayeyuka haraka zaidi," Mwalimu alisema kutoka kwenye ndoo yake.

"Ndiyo ubaya wake, mzee wangu. Nani kakuambia samaki ana haraka?"

Mwalimu Asajile aliuangalia ule unga uliomwagika. Kwa miaka thelathini na kitu alikuwa ameandika ubaoni kwamba kikiwa kidogo kinayeyuka upesi, akapiga mstari chini, akaendelea na somo. Hakuna mwanafunzi hata mmoja, katika maelfu, aliyewahi kunyoosha mkono akauliza ni nani anayetaka upesi huo. Na mtu pekee aliyekuwa akiuliza, akiuliza kila siku, kila mteja, alikuwa amekaa mbele yake amejishika bega.

Aligeuka kumtazama. "Kwa hiyo nimekuharibia."

"Hujaharibu. Hiyo ya wafugaji tutaiacha, itashika unyevu, ikikauka itagandana yenyewe, itarudi mawe. Wafugaji watanisubiri." Akamgeukia mvuvi. "Wewe unaweza kunisubiri?"

"Mpaka kesho jioni, mama. Zaidi ya hapo samaki watakuwa wameshaamua wenyewe. Nikikosa kwako itabidi nitafute kwingine, na nikishazoea kwingine…" Hakumalizia. Alikuwa mteja wa miaka kumi na minne, ndiye aliyemvusha mwaka aliofiwa na mume.

Mwalimu alisimama, akavaa kofia, akatoka bila kuaga.

"Amekimbia," alisema Modesta.

Avelina aliendelea kupanga marundo yaliyobaki, akiyapanga pale pale yalipokuwa.

Baada ya nusu saa guta liliingia sokoni. Mwalimu alikuwa anatembea pembeni yake ameshika mzigo usianguke: ndoo tatu, maboksi ya vitabu, beseni, sanduku la chuma la mwanafunzi wa bweni. Vilishushwa mbele ya meza. Alifunua boksi la kwanza, halafu akajiweka kando, mikono nyuma, kama mtuhumiwa.

Ndani kulikuwa na mifuko ya nailoni. Kadhaa, makumi, ukifunua na maboksi mengine, mamia. Kila mmoja robo kilo. Kila mmoja una fundo la kuzungusha mara mbili, halijafunguliwa.

Avelina aliokota mmoja. Alilitambua fundo lake kama mtu anavyotambua kikohozi chake. Aliubonyeza. Unga alioutwanga mwenyewe, kwa polepole ile, ulikuwa umepita misimu saba ya mvua na saba ya kiangazi chini ya kitanda cha Mwalimu, ukalowa, ukakauka, ukalowa, ukakauka, na sasa ulikuwa jiwe gumu la kumpasulia mtu kichwa.

"Ulikuwa unapikia nini?" aliuliza, sauti ikiwa chini.

"Nanunua ya pakiti dukani," alisema Mwalimu. "Hii sikuweza kuifungua."

Modesta alijifuta macho kwa mkono wenye dagaa, akajuta.

"Haya," alisema Avelina. "Inatosha magunia mawili, kasoro kidogo. Vua koti."

Alivua koti. Watu walikuwa hawajawahi kuliona shati lake. Lilikuwa na viraka viwili mgongoni, vya mkono wa mwanaume. Avelina akampa mchi.

Walifanya kazi Alhamisi mpaka jua lilipotua, na Ijumaa kutwa nzima. Avelina alifungua mafundo, hakukata hata moja, akamwaga mawe kwenye kinu, Mwalimu akavunja, yeye akachekecha.

"Unasaga. Nimesema vunja, usisage."

"Tofauti yake?"

"Ukisaga unataka imalizike. Ukivunja unaiacha iwe na kitu cha kubakiza. Piga, nyanyua, angalia. Ukiona vumbi, umepitiliza."

"Hili halimo kwenye muhtasari wa somo."

"Basi andika."

Saa tisa Ijumaa, upande wa pili wa mji, vipaza sauti vya shule vilianza kutafuta sauti yao. Kulikuwa na turubai, mgeni rasmi, kwaya, na sanduku jipya la safari lililofungwa utepe. Wanafunzi wawili walitumwa kumtafuta mstaafu. Walimkuta sokoni, mikono ya shati imekunjwa, anatwanga.

"Mwalimu, mgeni rasmi amefika."

"Mwambieni aanze. Hotuba yake naijua."

Inasemekana sherehe ilifana. Mstaafu alisifiwa kwa nidhamu ya kazi na kushika muda, mbele ya kiti kitupu.

Saa kumi na mbili Christopha alikuja, akachota chenga, akaitazama kwenye mwanga, akaibana kwa jino. "Hii sasa ni chumvi. Mmeitoa wapi, mbona ngumu hivi?"

"Ilikuwa akiba," alisema Avelina. "Kuna gunia moja halijajaa, nimalizie. Njoo kesho asubuhi kabla hujateremka ziwani. Barafu kidogo itawavusha samaki usiku huu."

Modesta alimsogelea sikioni. "Dada, hilo gunia limejaa. Naliona kwa macho yangu."

"Nyamaza."

Jumamosi basi la alfajiri lilipiga honi stendi, likaondoka na kiti kimoja cha dirishani kimekaliwa na begi la mtu mwingine. Saa moja na nusu, ukungu bado umeshika paa za soko, Avelina alifika kufungua meza. Mwalimu Asajile alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa juu ya gunia la chenga, ameshika kofia magotini, koti limekung'utwa vizuri, viganja vyote viwili vina malengelenge. Modesta alikuwa anapanga dagaa, mmoja mmoja, kwa taratibu ya kutisha.

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Basi?"

"Limeondoka."

"Nimelisikia."

Alikohoa. Alijinyoosha pale pale alipokaa, kama mtu anayeanza kusoma risala.

"Mama Dominika. Kwa heshima na taadhima, mbele yako, na mbele ya Bi Modesta ambaye najua anasikiliza, napenda kutamka kwamba mimi, Asajile, mwenye umri wa miaka sitini, mgane, Mmoraviani lakini si mkaidi, nimekuja sokoni hapa Jumamosi zote za miaka saba nikiwa na neno moja. Nimelichelewesha. Nilidhani nikilitoa upesi litaharibika. Sina mali ila kiinua mgongo ambacho hakijatoka, na mkono ambao tangu jana unajua kuvunja bila kusaga. Naomba unioe. Yaani, nikuoe. Naomba nikutwangie chumvi siku zote zilizobaki, iwe ya mawe, iwe ya chenga, iwe ya unga, na ukiniuliza nataka ziishe lini, jibu langu ni kwamba sitaki ziishe."

Modesta aliacha kupanga dagaa. Hata pikapu ya Christopha, iliyokuwa inarudi nyuma kuja kupakia, ilizima injini.

Avelina alitoa kanga begani, akamkung'uta chumvi iliyobaki kwenye kola ya koti, upande wa kulia, halafu na wa kushoto.

"Nimekubali," alisema. "Sasa inuka, umekalia mzigo wa watu."